Fuawe Mbele ya Ekseli

Kijana wa kukodisha trela, Tanner, mdomo umejaa bablishi,
aliinama nyuma ya bampa, akaitikisa ndoano mara mbili,
akaipishanisha minyororo,
akaniuliza gari lina umri gani.
Miaka tisa, nikasema.
Akalitazama kama tabibu anavyomtazama mgonjwa
aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe.

"Kilo mia sita na themanini, mama. Pamoja na trela yenyewe.
Vizito vikae mbele ya ekseli.
Na ikianza kukuyumbisha, usikanyage breki.
Ondoa mguu. Shika usukani. Ngoja."

Nikatia saini bila kusoma,
kama nilivyotia saini karatasi nyingine mwezi wa Februari.

Nilipakia kwa hasira, na hasira haina mizani.
Kitanda kwanza. Cherehani. Godoro.
Sufuria nilizopewa na mkahawa wa shule
siku walipoufunga na kunishukuru kwa keki.
Sanduku la viatu vya mtoto ambaye sasa ana ndevu.
Na mwisho kabisa, mlangoni, fuawe ya Garth:
kilo sitini za chuma alizoziacha bandani
alipokwenda Elko kupiga kwato za farasi wa mwanamke mwingine.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa.
Aliyesema hakuubeba huu.
Jirani yangu Lyle Ostrander aliusukuma nami kwenye ubao,
akahema, akajifuta, akasema
ungefaa kuzuia mlango wa kanisa.
Hakuniuliza kwa nini sikuuacha.
Ningemjibu nini?

Tukatoka Rawlins alfajiri, mimi na gari na mkia wake.
Upepo wa Wyoming hauvumi, unafukuza.
Lori moja lilikuwa limelala ubavu kando ya barabara,
dereva amekaa juu ya tairi anakunywa kahawa
kana kwamba ndivyo ilivyopangwa.

Chini ya Elk Mountain, kwenye mteremko,
trela ikaanza kuzungumza.
Kwanza kidogo tu, kama mbwa anayekaribisha mgeni.
Halafu kushoto. Halafu kulia.
Kioo cha pembeni kikaniletea ubavu wake mweupe,
kikauondoa, kikauleta tena, karibu zaidi,
na usukani ukawa kitu nilichoshikiwa, si nilichoshika.

Mguu wangu wa kulia ulikuwa na maoni yake.
Maisha yake yote umekanyaga.
Nikauinua.
Ni jambo dogo, kuinua mguu. Jaribu.
Maili sitini, hamsini na tano, hamsini,
sauti ya bablishi masikioni: ngoja, ngoja,
mpaka mkia ukachoka wenyewe.

Penye maegesho nilishusha kila kitu.
Godoro likataka kwenda Nebraska kabla yangu;
mtu wa idara ya barabara, Delbert kifuani kwa uzi mwekundu,
akalidaka akalikalia.
"Umebeba nini humo?"
Chuma, nikasema.
Tukaivuta fuawe kwa kamba ya kuanikia nguo,
inchi, pumzi, inchi,
kutoka mlangoni hadi mbele, mgongoni mwa gari kabisa.
Nikailaza juu ya zulia la bafuni,
nikaizingira na sufuria.

Baada ya hapo sina la kusimulia.
Trela ilifuata.
Malori yalinipita yakinipigia honi, nami maili hamsini,
upande wa kulia, kama bibi harusi mzee,
injini ikilalamika kila kilima na kunyamaza kila bonde.
Cheyenne nilikula soseji nimesimama.

Jioni, Sidney, mwanangu Royce alifungua trela,
akaondoa godoro, kitanda, sufuria moja baada ya nyingine,
akafika mbele kabisa.
Akanyamaza. Akageuka kunitazama,
na ndevu zile, na macho ya babake yale.

Usiulize, nikasema.
Lete ubao.